Nilivyojificha Kabatini Baba Mkwe Akicheza Gemu ya Binti Yangu

Saa nne asubuhi, jua linawaka, na mimi mama wa watoto watatu nipo ndani ya kabati la sebuleni, nimejikunja kama kuku anayeatamia.

Nje ya kabati amekaa baba mkwe wangu.

Na hana dalili ya kuondoka.

Ngoja nieleze.

Binti yangu Wegesa alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alitaka kwenda chuo Mwanza akasomee kutengeneza gemu za kompyuta. Baba yake alisema sawa. Mimi nilisema tutaona. Ila kwenye ukoo wetu jambo kama hilo halipiti bila babu, na Mzee Werema alikuwa ametuma ujumbe kutoka kijijini kwake Nyanungu: Jumamosi nakuja kusema neno langu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Wegesa alikuwa ameshatengeneza gemu yake ya kwanza. Ya kutisha. Upo kwenye boma lenye giza, huna hata rungu, na kuna dude linakuwinda. Kupigana nalo huwezi. Unanyata, unajificha ghalani au nyuma ya ng'ombe. Ukimkanyaga ng'ombe akalia, umekwisha.

"Mama, cheza uniambie ukweli. Usinionee huruma."

Huruma? Mimi? Nikaacha kufua, nikavaa hedfoni, nikakaa kwenye kochi na bukta yangu ya kufulia. Baada ya saa moja na nusu nikamwambia.

"Sauti umeweza. Dude halionekani, linapumua tu, na mimi niliyezaa mara tatu bila kupiga kelele nimetetemeka."

Akatabasamu.

"Subiri. Nikikamatwa narudishwa getini, mwanzo kabisa. Nimerudi getini mara kumi na moja! Na nikijificha, lidude linaganda hapohapo mlangoni. Haliondoki. Huko si kutisha, ni kuchosha watu."

Tabasamu likaisha. Akabeba beseni akaenda kuanika. Mimi nikarudi kucheza. Nilishakasirika, lazima nilishinde.

Ghafla nikaona fimbo inasukuma pazia la mlango.

Mzee Werema! Alibisha hodi, bila shaka. Na hedfoni masikioni ningesikia nini?

Kwa Wakurya, mkamwana kukutwa na baba mkwe mapaja wazi si jambo la kuchekea. Na mlango wa kwenda chumbani uko ubavuni mwa huo aliokuwa anaingilia. Kabati ndilo lilikuwa karibu.

Nikazama na hedfoni zangu, nikaacha sikio moja wazi nisikie.

Akaingia. Wegesa akafuata nyuma yake na beseni tupu, mzee akaketi.

"Shikamoo babu! Si ulisema kesho?"

"Marahaba, mke wangu. Mume anapanga siku ya kuja kwake? Mama yako yuko wapi?"

"Alikuwa hapa sasa hivi."

"Hili linalowaka ndilo hilo linalotaka kukupeleka Mwanza? Hebu nionyeshe."

Nikasikia Wegesa akimwelekeza vitufe vya kubonyeza. Chuo cha mtoto wangu kilikuwa mikononi mwa mzee ambaye hata redio anawashiwa.

"Babu, jifiche ghalani! Linakuja!"

"Nimejificha. Mbona haliondoki?"

"Haliondoki babu. Mama amesema hilo ndilo kosa langu."

"Mama yako kasema kweli. Hili halikulelewa. Mtu akijificha, ukaona amejificha, unampa nafasi atoke na heshima yake. Natoka mimi."

"Babu, usitoke!"

Dude likanguruma ndani ya sikio langu lenye hedfoni.

Nikapiga yowe. Yowe la msibani kabisa.

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

"Eeh," mzee akasema taratibu. "Gemu yako ina sauti kali, mke wangu. Twende nje unionyeshe migomba. Tutakaa huko kidogo."

Wakatoka. Nikaruka, nikavaa gauni, nikafunga na kitenge juu, nikaenda kupiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje? Mtoto aende Mwanza. Nimeogopa kitu cha kuchora, mimi niliyelala porini na ng'ombe. Hiyo ni kazi. Ila wamfundishe kuliondoa lile dude mlangoni."

Nilipomsindikiza akaondoka, nikacheka peke yangu. Nikamwambia Wegesa, "Babu yako amedhani lile yowe ni la gemu!"

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Mama. Sauti yote ya gemu ilikuwa kwenye hedfoni zako. Kompyuta ilikuwa bubu. Na waya ulitoka kwenye kompyuta ukaingia kabatini. Babu aliusogeza kwa fimbo asiukanyage, kabla hata hajakaa."

Nilikaa chini.

Mzazi mwenzangu, nilidhani nimejificha kwa mzee mshamba wa mambo ya kisasa. Kumbe yeye ndiye aliyenificha. Na kabla hujasema kazi ya mtoto wako ni upuuzi, keti uicheze. Ila vaa nguo kwanza.