Fungate ya Watu Wenye Wajukuu

Binti yangu ndiye aliyelitaja neno fungate, nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa mjane wa miaka mingi, nina wajukuu, nina kibanda changu cha kanga na vitenge pale soko la Kibiti, na magoti yalikuwa yameshaanza kulalamika kila nikiinama kuchukua doti ya chini. Nilidhani mtu kama mimi akiolewa tena anafungishwa ndoa baada ya alasiri, watu wanakula pilau, kesho yake anafungua biashara.

"Siyo hivyo, mama," akasema binti yangu. "Mwende pahala mkapumzike. Mjuane."

"Tumeshajuana. Amenunua kanga kwangu."

Ni kweli alinunua. Alikuwa fundi wa baiskeli na pampu za maji kule Ikwiriri, akaja Kibiti kutafuta doti kwa ajili ya arusi ya bintiye. Akachukua moja. Baada ya siku chache akairudisha nimbadilishie, kisha akaja tena kubadilisha ile niliyombadilishia. Safari iliyofuata hakuwa na kanga mkononi. Aliketi juu ya ndoo niliyoipindua, akaniambia kwamba mkewe ametangulia mbele ya haki, nyumba imekuwa kimya mno, na kama sitaona vibaya angependa kutuma watu kwetu. Kwetu ni Ruaruke. Nikamwambia atume.

Basi tukaoana, na kwa ubishi wa binti yangu tukafunga mkoba. Mume wangu alikuwa na mpwa wake, binti wa dadaye, aliyeolewa katika kijiji cha wavuvi huko mdomoni mwa delta, mahali mto unapomalizikia baharini. Mpwa huyo alikuwa amejenga nyumba ndogo ya wageni kando ya kwake, ina baraza na taa za sola, na alishasema hataki kusikia kwamba mjomba wake amekwenda fungate kwa watu wengine. Sokoni walinisindikiza kwa vigelegele. "Bibi harusi, usisahau dawa ya mgongo!" akapaza sauti muuza dagaa. Nikauvuta mtandio usoni, nikacheka humo ndani.

Tulipanda gari hadi Bungu, tukachukua bodaboda mpaka Nyamisati, na hapo tukaingia kwenye boti ya injini. Nimezaliwa wilaya hii hii, lakini delta nilikuwa naisikia tu kwa wauza kamba. Boti iliingia kwenye mfereji mwembamba, mikoko ikatusogelea huku na huku, mizizi yake imesimama nje ya tope kama miguu ya watu waliokunja suruali wavuke. Kila tukikunja kona niliona kama njia imekwisha, kisha inafunguka nyingine. Boti ilipoyumba, mume wangu akaninyooshea mkono. "Shika hapa," akasema. Lakini tulikuwa hatujazoea kushikana mbele za watu, basi mimi nikashika mkoba.

Asubuhi ya kwanza niliposwali nikaona fagio limeegemea ukuta. Nikafagia uwanja wote, nikawasha jiko, nikabandika maji. Mpwa alipotoka na kuniona, akashika kichwa.

"Mkaza mjomba! Wataka watu waseme nimemwita bibi harusi aje kunifagilia?" Akaninyang'anya fagio akaenda kulificha. Alipozunguka nyuma ya nyumba akamkuta mjomba wake amekwisha kupindua baiskeli ya mumewe miguu juu na kuifungua gurudumu. Akamnyang'anya spana. Kisha akatuweka sote wawili barazani na sahani ya mihogo, akatukataza kunyanyuka.

Tukakaa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Bahari ilikuwa mbele yetu, pana, imetulia, na sisi hatukujua tuifanye nini. Mimi maisha yangu yote nimekaa huku nikifanya kitu: nachambua mchele, napindia kanga, nanyonyesha. Kukaa kwa ajili ya kukaa sikukujua. Binti yangu aliomba picha, tukajipiga kwa simu, na kwa kuwa mtandao ulipatikana sehemu moja tu karibu na kisima, tukaenda kuituma hapo. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mama, hii picha ya fungate au ya kitambulisho?"

Hata hivyo mwili ulianza kuelewa kabla ya sisi. Nililala mchana, jambo ambalo sikumbuki lini nililifanya nikiwa mzima. Wanawake wa kijijini waliingia na kutoka na vyakula, huyu kaa wa kuchemsha, yule wali wa nazi na kamba, wakakaa ukingoni mwa baraza wakiniuliza habari za kanga mpya. Mume wangu naye alikuwa na adabu kubwa. Kila asubuhi yeye ndiye aliyenimiminia chai. Nilimshukuru, nikainywa.

Halafu nikaharibu. Asubuhi moja alikuwa amesimama ufukweni akitazama wavuvi wakivuta nyavu, nami nikamwita kutoka barazani, bila kufikiri: "Baba Watoto, njoo, chai inapoa!"

Baba Watoto ndilo jina nililokuwa nikimwitia marehemu mume wangu, tangu mtoto wetu wa kwanza mpaka siku aliyofumba macho. Sijamwita mtu mwingine hivyo. Liliponitoka nilihisi kama nimeangusha sahani mbele ya wageni. Yeye aligeuka, akaja, akaketi, akanywa chai yake. Niliona amelielewa, maana watoto wake si wangu na wangu si wake.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Maji yalipotoka, mchanga ukabaki wazi mpaka mbali, akaniambia, "Twende tukatembee." Nikajua sasa naambiwa. Tukatembea, kaa wadogo wakikimbilia mashimoni mwao mbele ya miguu yetu. Nikaona bora nianze mimi.

"Nimekukosea pale asubuhi," nikasema. "Ulimi umezoea."

"Hujanikosea. Ulikaa naye miaka mingapi? Ungemsahau upesi hivyo, mimi ningeogopa." Akasimama kidogo. "Mimi ndiye nina langu nataka kukuuliza. Chai unaionaje?"

"Chai?"

"Ninayokumiminia. Jana nimekuona unakunja uso."

Nikatazama chini. "Haina sukari," nikasema.

"Kumbe wewe unakunywa na sukari?"

"Nakunywa vijiko vitatu."

Akanikodolea macho. "Mbona hukusema?"

"Nilidhani ndivyo unavyopenda mkeo anywe."

Akashika kiuno, akacheka mpaka wale wanawake waliokuwa wakiokota chaza mbali wakainua vichwa. Marehemu mkewe alikuwa hatii sukari, akaniambia. Daktari alimkataza, na yeye kwa miaka yote ile ndiye aliyekuwa akimmiminia, kikombe cha mke mbali na bakuli la sukari. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo wenyewe, kama ulimi wangu. Alipokuwa akisimulia kicheko kilimpungua, na mwisho akawa anafuta macho kwa kiganja. Nami nikamshika mkono ule ule, hapo mchangani peupe, wanawake wa chaza wakituona.

"Sasa nikuite nani?" nikamuuliza tulipokuwa tukirudi.

"Usiliharakishe. Litakuja lenyewe."

Lilikuja kwa kelele. Siku iliyofuata mpwa alinishawishi niingie majini. Mimi wa Ruaruke, maji yangu ni ya kisima na ya ndoo. Nikajifunga kanga mbili, nikaingia mpaka magotini, mume wangu akiwa mbele yangu kidogo. Nilikuwa naanza kufurahia jinsi mchanga unavyokimbia chini ya nyayo, mara wimbi dogo, wala halikuwa na maana, likanipiga nyuma ya magoti. Nikakaa chini majini na kupiga ukelele: "Fundi! Nishike, Fundi!"

Akaja akanidaka kwapani. Mpwa alikuwa amepiga magoti ufukweni kwa kucheka. Nilitema maji ya chumvi, nikamtazama, naye akaniambia kwa uso mkavu kabisa, "Fundi amefika, bibi. Kimeharibika nini?" Tangu siku hiyo yeye kwangu ni Fundi. Hata wajukuu zangu wanamwita Babu Fundi.

Tulipaswa kuondoka Ijumaa. Ilipofika tukampigia binti yangu simu, tumesimama pale kisimani, tukamwambia tunaongeza siku. "Na kibanda je, mama?" akauliza. Mimi niliyekuwa nafungua kibanda hata nikiwa na homa nikamwambia kanga hazitaoza.

Jioni moja ya siku hizo za nyongeza, baada ya magharibi, tulikuwa barazani tukimenya kamba wa kuchoma. Nikamwambia Fundi anieleze habari za mkewe. Akanitazama kuona kama nasema kweli. Kisha akaanza kunisimulia jinsi marehemu alivyomfukuza jogoo wa jirani kutoka jikoni kwao, jogoo akaruka akaingia msikitini, naye asijue kama aendelee kumfukuza au avue viatu kwanza. Nilicheka mpaka kamba akanidondoka. Nikatamani ningemjua mwanamke yule. Nahisi angenunua kwangu, na angebishana nami bei.

"Wako je?" akaniuliza. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafuta vidole, nikavuta mkeka karibu yake, nikaanza kumweleza.