Mirija ya Nyuma ya Gunia

Mimi pombe nakunywa, sitadanganya mtu. Lakini nakunywa chupa yangu, imefunguliwa nikiona, na mdomo ni wangu peke yangu. Kwa hivyo Patrobas Kweyu aliponiomba nimsindikize klabu ya Mama Khavere hapo Kariobangi, nilimwambia anitafutie dhambi ingine.

"Fundi Gitonga," akasema, "si wewe ndiye utakaa kama mzee wangu wa posa kesho huko Ziwani? Wakikuuliza kama nimeacha klabu utasema nini? Leo ndiyo naacha. Njoo uone na macho yako."

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Patrobas tulikuwa ploti moja, mlango wake na wangu zinaangaliana. Kazi yake ilikuwa kuosha mapipa kwa kiwanda ya sabuni, na alikuwa msafi kutushinda sisi wote, mpaka kwa kucha. Wikendi ndiyo alikuwa anaharibika. Alikuwa na gitaa alitoka nayo Butere akiwa kijana, na hiyo gitaa, hapo nitampa haki yake, ilikuwa inalia mpaka mtu anasahau njaa. Watu walikuwa wanapanda kutoka Mathare na miguu kuja kumsikiza kwa Mama Khavere.

Lakini alikuwa anataka Lorine. Lorine alikuwa msusi, mtoto wa Mzee Bwire wa Ziwani, na mama yake, Nabiswa, ambaye hata mimi nilikuwa namjua kwa uso, ndiye alikuwa anaongoza kwaya ya kanisa. Huyo mama alikuwa ameapa mbele ya kanisa nzima kwamba mtu wa klabu hawezi kuoa binti yake, heri azeekee kwake. Alikuwa amemfukuza Patrobas mara moja tayari. Hiyo kesho, Jumapili, alikuwa anapewa nafasi ya pili, na kwa hao wazee hakuna ya tatu. Patrobas mwenyewe aliniambia, akikosa Lorine anarudi Butere kufuga kuku.

Basi tukaenda, Jumamosi saa nane mchana, jua kali. Harufu ilitupokea kabla ya mlango. Si harufu ya pombe ninayoijua. Ni kama uji umesahauliwa wiki mbili chini ya kitanda, halafu mtu akaja akaulalia na soksi.

Ndani kulikuwa giza na joto. Wanaume wamekaa kwa mabenchi, magoti yamegusana, mtungi mkubwa kama pipa uko katikati, na kila mmoja ameshika mrija wake mrefu kama fito ya kuangushia maembe. Hiyo ndiyo busaa. Unga ya mahindi inavundikwa, inakaangwa, inatiwa kimera, inachemka yenyewe kama ina hasira. Wenyewe wanasema hiyo ndiyo pombe ya kweli, ya chupa ni maji ya wazungu. Mimi niliona povu la rangi ya maji ya kufulia, na inzi wawili wakiogelea, mmoja akiwa amekata tamaa.

Upande wa nyuma walikuwa wametundika magunia yaliyoshonwa pamoja, kama pazia. Chini ya hiyo pazia, mirija mingine ilikuwa inatoka kwa mtungi huo huo na kupotelea upande ule.

"Huko kuna nini?" nikauliza.

"Wamama wa heshima," akasema mzee mmoja aliyebaki na jino moja. "Wale hawataki kuonekana. Heshima inakaa nyuma ya gunia, mdomo unakaa hapa na sisi."

Huyo mzee mrija wake ukaziba. Alifanya nini? Aliupuliza. Sasa wewe niambie, hiyo puliza inaenda wapi? Niliona povu ikipanda upande wake na wenzake wakaendelea kuvuta tu, macho yamefungwa, kama watoto kwa titi.

"Mgeni mpeni mrija!" akaita Mama Khavere, mama mnene amejifunga leso mbili, anaongeza maji moto kwa mtungi na sufuria. Alionja na kikombe, akasukutua, akatema pembeni, karibu na kiatu changu. "Iko sawa!"

"Mimi nina vidonda vya tumbo," nikasema.

"Wa wapi huyu?"

"Nyeri."

"Aah. Hao wanapenda vya bure. Mleteeni maji ya mvua."

Wakacheka mpaka wakakohoa, na mnajua mtu akikohoa na mrija mdomoni inaenda wapi.

Patrobas akaanza kupiga. Kijana wa jirani alikuwa anamgongea chupa ya soda na msumari, ting ting ting, na hata mimi mguu ukanisaliti. Katikati ya wimbo uzi wa tatu wa gitaa ukakatika, paa! Patrobas hakushtuka. Alitoa waya ya breki ya baiskeli mfukoni, akaanza kuifunga pale.

"Unatuacha na leo hujanywa na sisi?" Mama Khavere akamwambia. "Mtu wa klabu akiondoka anavuta kwa mtungi mkubwa. Ama ulikuwa unatudharau miaka hii yote?"

Nilimkanyaga Patrobas. Akanionyesha kidole kimoja, mara moja tu. Akapewa mrija, akavuta, gitaa iko kwa mapaja, hiyo waya imesimama juu kama sharubu.

Wakati huo huo yule wa jino moja aliinuka kwenda kukojoa, akayumba, akashika pazia. Gunia zote zikaja chini na yeye.

Upande ule kulikuwa na wamama wanne. Watatu walificha uso. Wa nne hakuwahi, kwa sababu alikuwa bado anavuta. Kitambaa cha kwaya kimekunjwa vizuri kwa mkoba, mrija uko mdomoni, mashavu yameingia ndani. Alikuwa Nabiswa.

Akamwona Patrobas. Patrobas akamwona. Kila mmoja na mrija wake mdomoni, na mirija yote miwili iko kwa mtungi mmoja.

Mimi nilitaka kucheka. Lakini wanaume wote wakaangalia chini kama mtu amekufa. Mama Khavere alimtupia Nabiswa leso kichwani, akamtoa na mlango wa nyuma kama maiti inayotembea. Hakuna mtu alitaja jina. Halafu Mama Khavere akarudi, akaumwaga mtungi wote nje kwa mtaro, na hakuna mlevi hata mmoja aliyelia.

Njiani nikamwambia Patrobas, "Si sasa umeshinda? Kesho akifungua mdomo, na wewe unafungua wako."

"Fundi, wewe huelewi. Kwetu mama mkwe hata mkono simpi. Chakula siwezi kula akiniangalia. Sasa nimenywa mate yake na yeye amekunywa yangu. Hiyo ikisemwa mahali, si yeye anaaibika tu. Hakuna ndoa tena. Mimi sikuona mtu."

"Na yeye?"

"Hata yeye hakuona mtu. Anajua."

Mimi mate yangu yalikuwa yamekauka tu kwa kuwaza.

Jumapili mchana tukawa Ziwani, Patrobas na shati nyeupe, mimi na koti ya kuazima. Mzee Bwire, mtu mpole, mlinzi wa ghala, alitukaribisha kwa kiti. Nabiswa, kwa sababu ya hiyo heshima yao, alikaa jikoni nyuma ya pazia ya mlango, tukawa tunasikia sauti tu. Na hiyo sauti ilianza na maombi. Aliombea vijana waliopotea. Aliombea nyumba zilizovunjwa na pombe. Mimi niliangalia dari.

Alipomaliza amina, akasema, "Baba Lorine, huyu kijana bado ni wa klabu."

"Nani amesema?"

"Watu."

"Watu gani, Mama Lorine?"

"Watu wa Mungu! Jana tu alikuwa huko, na uzi wa tatu wa gitaa umekatika, ameufunga na waya ya breki kama mhuni."

Mzee Bwire akaweka kikombe chini polepole. "Hao watu wa Mungu walikaa karibu hivyo? Mpaka wakahesabu ni uzi wa tatu?"

Huko jikoni kijiko kikaanguka. Lorine, aliyekuwa amesimama na sinia, aligeuka akaangalia hiyo pazia, akaiangalia sana.

Nikafungua mdomo. Mimi si wa kwao, sina mkwe pale. Patrobas akanikanyaga mpaka nikaona nyota.

"Baba," akasema, "ni mimi nilituma neno. Asubuhi nilimwomba mama mmoja wa kanisani amwambie kwamba jana nilienda kuaga, na gitaa ikakatika nikaifunga. Sikutaka asikie kwa wengine."

Hivyo hivyo, uso mkavu, msafi mpaka kwa kucha.

"Ni kweli, Mama Lorine?"

Halafu sauti ikatoka, imepoa, tamu kama ya kwaya. "Ni kweli. Nilitaka nione kama atakubali mwenyewe. Amekubali. Mimi sina neno tena."

Shetani mwenyewe angevua kofia.

Mzee Bwire akanigeukia. "Na wewe, fundi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

Kiatu cha Patrobas kilikuwa bado juu ya changu. Lorine alikuwa ananiangalia, na huyo msichana hakuwa amenikosea kitu.

"Niliona mtu akiacha klabu, Mzee."

Basi wakapiga vigelegele, majirani wakaitwa, na Lorine akaleta kuku na ugali. Kutoka nyuma ya pazia sauti ikasema, "Mwambieni mkwe wangu ale ashibe. Na huyo mzee wake pia, nimempikia na mikono yangu."

Nikaangalia mchuzi. Ulikuwa na povu kidogo pembeni. Niliwaza hiyo mikono, na huo mdomo ulioonja chumvi.

"Kula," Patrobas akaninong'oneza, yeye mwenyewe amejaza shavu. "Usipokula watauliza kwa nini."

Nikala.