Godoro Lisilobonyea

Nicheke ukitaka. Mimi mwenyewe niliwacheka sana watu wa visa kama hivi. Niliwaona mbumbumbu waliokosa kazi ya kufanya. Lakini hili lilinipata mimi, mchana kweupe, sokoni Keumbu, nikiwa na akili zangu timamu na mwavuli mkononi.

Mimi ni karani katika ofisi moja mjini Kisii, ila kwetu ni kule ziwani. Mama yangu, ambaye mgongo umemtesa miaka mingi, alikuwa anakuja kukaa nami wiki sita ahudhurie kliniki ya mazoezi. Daktari alisisitiza jambo moja: alalie godoro imara, lisilozama. Langu lilikuwa limekwisha, katikati limegeuka bakuli. Basi nilihitaji godoro zuri, na mfukoni nilikuwa na pesa ya godoro baya.

Maduka ya mjini yalinishinda. Unaingia, muuzaji anakutazama viatu kwanza, kisha anakuonyesha lile jembamba kama chapati lililoegemezwa mlango wa choo. Watu wa kujisikia bure! Nikasema afadhali niende Keumbu siku ya soko.

Huko nilimkuta kijana mmoja ametandaza godoro moja tu juu ya magunia, kando ya akina mama wa ndizi. Kava ilikuwa mpya, ya maua mekundu. Na juu yake alikuwa amelala mzee mmoja wa koti la kahawia, mikono kifuani, kofia usoni, viatu vyenye matope miguuni. Nikamdharau papo hapo. Mteja gani huyo anajaribu godoro kwa viatu? Mwenye mali wala hakumkemea.

"Godoro hii ni haidensiti, bosi," kijana akaniambia. "Utalalia mpaka watoto wako walalie."

Haidensiti, yaani sponji nzito isiyozama! Siku hizi kila takataka ni haidensiti. Nilikuwa nageuka niende zangu, jicho likaangukia chini ya yule mzee. Niamini, godoro halikuwa limebonyea. Hata unene wa kidole! Mzee mrefu vile, na kava imenyooka kama imepigwa pasi. Akajigeuza ubavu, ua hata moja halikukunjika.

Mtu mwenye akili angejiuliza maswali. Mimi, msomi mzima, nilijiuliza swali moja tu: je, huyu mzee atanitangulia kulipa?

"Mzee naye analitaka?" nikauliza.

"Mzee gani?" kijana akajibu, macho kwenye simu.

Nikacheka moyoni. Ujanja wa soko huo, anajifanya hamwoni mteja mwenzangu ili amuuzie atakayelipa kwanza. Nikalipa haraka haraka. Mzee akatoa kofia usoni, akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyeingia bila hodi, akainuka. Tulipolikunja godoro, kava haikuwa na tone la matope. Hata hilo nililiona, nikafurahi kwamba ni safi.

Mama alifika kesho yake. Siku ya tatu, baada ya kliniki, alijipumzisha mchana, nami nikampelekea chai. Nilimkuta amejibana ukutani kabisa, macho wazi. Kando yake godoro lilikuwa limezama. Shimo refu, kuanzia kichwani hadi miguuni, na hakuna mtu ndani yake. Nikiwa nimesimama pale na kikombe, lile shimo likajigeuza ubavu.

Sokoni nilimwona mtu bila shimo, nyumbani nikaona shimo bila mtu. Niliogopa, sitaki kukudanganya. Chai yote ilinimwagikia miguuni.

"Nyathina, mwanangu," Mama akanong'ona, maana kwetu mtoto ni mtoto hata akiota mvi, "hili godoro lilikuwa la nani? Tangu nije kuna mtu ananisukuma."

La nani? Sikuwa nimeuliza. Kwetu ziwani godoro la marehemu haliuzwi, hilo nalijua tangu utotoni, lakini nililiweka katika kapu la mambo ya vijijini.

Jioni ile ile nilirudi Keumbu. Kijana hakuwepo. Mama mmoja wa ndizi akaniangalia kwa huruma.

"Kumbe ni wewe ulinunua? Ilikuwa ya babake, mzee wa huko Birongo. Alifia hapo juu yake. Kitu kama hiyo inachomwa, lakini hawa watoto walishona kava mpya wakaleta soko."

"Na mlijua?"

"Tulijua, baba. Tukanyamaza, ni biashara ya mtu."

Soko zima lilijua! Nilimpata yule kijana wiki iliyofuata, na unajua alinijibu nini? "Ya tata, baba yangu, ilikuwa bado nzuri. Ningechoma aje?" Mtu amemtoa baba yake kitandani na kumpeleka mnadani, halafu anakuuliza angechoma aje. Nilimtemea mate miguuni. Kisha nikakumbuka nani alilinunua.

Godoro nililichoma nyuma ya nyumba. Lakini Mama hakungoja. Aliondoka asubuhi baada ya lile shimo, kliniki ameihudhuria mara mbili tu, na amekataa katakata kurudi. Sasa anatembea ameinama, ameshika ukuta. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo wewe unayetafuta godoro la bei rahisi, usijali kava wala haidensiti. Uliza lilikuwa la nani. Na ukimkuta mtu amelilalia, tazama kwanza kama linabonyea.

Mama hunipigia simu kila Jumapili, na hakati kabla ya kunikumbusha. "Siku nikienda, langu ulichome siku hiyo hiyo," huniambia. "Usiangalie kama bado ni zuri."