Fundi anayesubiri gari lizimike

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, gari la rangi ya maziwa, lenye umri wa miaka hamsini na mmoja, linazimika katikati ya makutano ya barabara. Honi zinaanza nyuma yake. Lori, teksi mbili, pikipiki isiyo na subira, kisha matusi. Mzee anayeendesha anafuta jasho na kutaka kushuka asukume.

"Kaa hapo hapo, baba," anasema fundi aliyeketi kiti cha nyuma. "Hiki ndicho tulichokifuata."

Fundi huyo ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Gerejini wanamwita Sikio, kwa kuwa husikiliza gari kabla ya kuligusa. Walimpa jina hilo kwa kejeli. Siku hizi wanalitamka wakimletea magari yaliyowashinda.

Hili limeshinda mafundi watatu. Ndani ya wiki sita limebadilishiwa kabureta, koili, plagi na pampu ya mafuta. Kila mara lilinguruma gerejini bila kukohoa, na kila mara likamzimikia mwenyewe njiani, robo saa tu kutoka nyumbani. Ukilisubiri kidogo linawaka, kama vile si lenyewe.

Mwenyewe ni fundi cherehani mstaafu. Mara mbili kwa wiki humpeleka mkewe kliniki kwa mazoezi ya nyonga, na kiti cha mbele cha gari hili ndicho pekee ambacho bibi huyo hukalia na kunyanyuka bila kulia. Watoto wao wamekata shauri: lisipopona kufikia Jumamosi, linakwenda kwa muuza vyuma chakavu. Leo ni Alhamisi.

Sikio alianza kazi kwa kuosha nati, na kwa miaka miwili mizima hakuruhusiwa kushika injini. "Sikuwa na la kushika, nikawa nasikiliza," anasema. Sasa ana miaka kumi na mmoja kazini, makovu saba ya moto mikononi, na banda la mabati alilopanga pamoja na fundi rangi.

Jana hakufungua boneti. Alimuuliza mzee swali moja: mafundi waliotangulia walianza na nini? Mzee akasema wote walianza kwa kufungua mfuniko wa tangi, waone kama mafuta yamo. Sikio akaagiza mfuniko usiguswe na mtu hadi asubuhi.

Sasa anashuka, anazunguka nyuma, anainamisha sikio na kuulegeza mfuniko taratibu. Tangi linavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini.

"Washa, baba."

Linawaka.

"Tangi lazima lipumue," anaeleza baadaye. "Mafuta yakitoka, hewa iingie. Isipoingia, pampu itavuta weee, mafuta hayaji. Wenzangu kila walipofungua mfuniko waliliponya bila kujua, kisha wakabadilisha vitu vizima."

Tundu la hewa kwenye mfuniko lilikuwa limezibwa kwa nta ya mshumaa. Mzee aliapa si yeye. Nyumbani, bibi alikiri: harufu ya petroli ilimchefua, akaona inapotokea, akapaziba. Hakusema, maana mumewe angeanza hotuba.

Mzee alicheka hadi akakaa chini. "Miaka arobaini natunga uzi kwenye tundu dogo kuliko hilo, mama watoto, na hili sikuliona."

Sikio alilizibua kwa sindano ya mzee, akamkataza kujaza tangi hadi shingoni, maana hiyo ndiyo iliyoleta harufu. Ijumaa bibi alikwenda kliniki na kurudi, gari halikusita hata kwenye mlima. Jumamosi muuza vyuma alifika na mizani yake, akaondoka nayo.

Sikio anapanga kununua gari bovu la kufundishia. Wanafunzi wake, anasema, watapanda kwanza, wasafiri nalo hadi liwafie.

Kifungua mimba wa mzee alimpigia Sikio simu juzi. Alishukuru, kisha akataka fundi amwombe radhi baba yake kwa kumwacha atukanwe barabarani mbele ya watu. Sikio alifuta mkono kwenye ovaroli, akahamishia simu sikio la pili.

"Baba yako katukanwa dakika kumi, na mama yako anakwenda kliniki," alimjibu. "Radhi siombi."