Waya wa Simu ya Shangazi

Juzi bodi ndogo ya kielektroniki ambayo binti yangu anajifunzia kuandika programu ilikuwa ikionekana kwenye kompyuta na kupotea. "Usiguse programu," nikamwambia. "Anza na waya wa USB." Tulipoutikisa, taa ya bodi ikazima. Tukaubadilisha, kazi ikaendelea.

Hayo niliyajua tangu utotoni kisiwani Koyama, alasiri moja iliyonuka papa mkavu. Baba alikuwa amelazwa Kismayu, na mama alizungumza naye kwa simu ya shangazi Mwanaesha. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo simu iliwaka kwa waya wa sola tu. Ikazima mara tatu. Kila ilipozima niliamini baba amekata roho, nikapiga mayowe.

Shangazi hakubabaika. Alipuliza tundu la simu, akafuta ncha ya waya kwa leso, akaupinda taratibu mpaka ukashika, akaubana kwa vidole viwili.

"Mchu asitikisike," akasema, yaani mtu yeyote asitikisike.

Mama akapiga tena. "Nani analia huko?" baba akauliza, akacheka.

"Ukiachia atakufa?" nikamnong'oneza shangazi.

Hakunicheka. Alivishika vidole vyangu, akaviweka pale pale juu ya waya, nami nikaubana mpaka mama na baba walipoagana.