Bomba la Moshi la Nyumba ya Matairi

Juzi nilishuka ziwani kwa lami. Wewe unakumbuka zamani, ukitoka Mbinga kwenda Nyasa ulifika una rangi ya barabara yenyewe, nywele, kope, mpaka meno. Sasa unateremka zile kona umekaa vizuri kama mtu wa ofisini, na ziwa linakutokea mbele hujachoka hata kidogo. Pale sokoni, mahali ilipokuwa inasimama nyumba yetu ya matairi, kijana anauza mitungi ya gesi. Nilisimama hapo muda, mpaka akaniuliza, "Mama, unataka mdogo au mkubwa?" Nikamjibu naangalia tu.

Sijui kama nitaeleza vizuri. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya utotoni mtu huyapamba bila kujijua. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Nyumba ya matairi ilikuwa karavani, kile chumba cha bati cha kuvutwa na gari, ambamo mafundi wa barabara walikuwa wanalala. Mama aliwapikia kambini kwao, na walipohama wakamwachia. Baba alikuwa ameshafariki, na mama, mtu wa Mapera huko milimani, alibaki ufukweni na mimi, mtoto wake wa pekee. Akaweka humo jiko la kuni alilochongewa kutoka kwenye pipa, akatoa bomba la madebe kupitia tundu la feni kwenye paa. Kila siku ya gulio jirani yetu, mzee wa ziwani aliyekuwa na trekta bovubovu, alituvuta mpaka sokoni, na jioni akaturudisha nyumbani. Watu walikula humo ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa letu, au samaki mbasa wa kuchoma siku wakipatikana, na kahawa yetu ya milimani, ambayo mama aliitwanga mwenyewe. Hadi leo nikisikia harufu ya kahawa inayokaangwa nasikia na mlio wa kinu.

Shida ilikuwa moshi. Bomba lilitikisika njiani, likaachana na paa, na moshi ukajaa ndani. Mama alipika kichwa kiko mlangoni na mkono uko kwenye sufuria. Alikohoa usiku na mchana. Aliuongelesha moshi kama mgeni aliyekaa sana: "Leo unatoka." Hautoki.

Basi gulio moja upepo wa mwera ukavuma kutoka kusini. Ule upepo hauna heshima. Uliingia kwenye bomba ukaurudisha moshi wote chini kwa mkupuo, wateja wakatoka mbio na sahani mkononi, wanacheka na kulia machozi. Bwana afya alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana, ameletwa kikazi kutoka mkoa mwingine, na alimwamkia mama vizuri, shikamoo na yote. Halafu akasema gulio lijalo atapita, na kama moshi bado uko ndani, humo hampikwi tena. Watu wengi walimsema vibaya. Mimi naona alisema kweli. Paa la ndani lilikuwa la mbao nyembamba, na kuzunguka bomba zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Lakini sisi hatukuwa na kitu kingine cha kutulisha.

Mama hakulia wala hakumlaumu mtu. Kesho yake alinituma udongo wa kichuguu. Akaukanda na majivu, akapanda juu na kanga kiunoni, akalisiliba lile tundu kama watu wa kwao wanavyosiliba nyumba, kwa kiganja, taratibu, mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Kilikuwa kiangazi, lakini mtu wa milimani mvua haimtoki kichwani. Alisema sasa halipiti hata tone. Udongo ulipokauka, jirani akaivuta karavani mpaka kwenye mawe ya kanisani na kuirudisha, kujaribu tu. Tulipofungua mlango, udongo wote ulikuwa ndani ya sufuria.

"Shemeji," jirani alisema, "nyie watu wa milimani mngeweza kusiliba hata mtumbwi."

Mama akamwambia afanye yeye. Naye hakusita. Alileta kamba za nailoni za nyavu, akalifunga bomba pande zote nne za paa, na kwa kweli mafundo yale yalipendeza kuyatazama. Alilivuta bomba, halikutikisika. Akawasha jiko mwenyewe. Maji ya ugali hayajachemka, tukasikia harufu mbaya, na kamba zikaanza kuyeyuka, moja baada ya nyingine, mpaka bomba likainama kama mlevi anayeamkia watu. Mama alicheka hadi akakaa chini.

"Na nyie," alisema, akijifuta macho, "hata moto mngeufunga kwa kamba ya wavu."

Huwa watu wakinisikiliza wananiuliza nani aligundua dawa yake. Nimejaribu kukumbuka kwa haki na nashindwa, kwa sababu walipanda wote wawili, na siku zilizobaki sikusikia kitu ila ubishi juu ya paa. Jirani alisema kitu kinachosafiri lazima kiachiwe nafasi ya kutikisika. Mama alisema kwenye nafasi hiyo hiyo ndipo mvua itakapopita. Basi wakatoboa tundu pana zaidi, wakakata ile mbao iliyoungua, wakapigilia kola, mduara wa bati la debe kubwa, na bomba likapita katikati bila kugusa mbao popote. Juu ya kola, mama akalivisha bomba sketi ya bati, maji yamwagike nje. Kamba zikawa waya, ule unaotoka kwenye matairi ukiyachoma. Mimi ndiye niliyeunyoosha kwa jiwe, vidole vyeusi tii. Waliufunga kwenye pete ya chuma iliyolizunguka bomba, kwa mafundo yale yale ya jirani. Kofia ya bati iliyokuwa juu ya bomba wakaitoa, wakaweka kichwa chenye midomo miwili, huku na huku, ili upepo ukiingia upande mmoja utoke na moshi upande wa pili. Mama akaiinamisha midomo kidogo, mvua isiingie. Jirani akasema anaharibu. Mama akainamisha tu.

Tukaivuta karavani hadi kwenye mawe. Bomba lilicheza, likatulia mahali pake. Lakini mwera haukuja. Kila asubuhi mama alitoka kutazama ziwa, nalo limelala kama limemwagiwa mafuta. Tukaenda gulioni bila kujua.

Bwana afya alikuja wakati watu wamejaa. Akaagiza chakula, akakaa ndani kabisa, karibu na jiko. Ameanza kula, tukasikia mabati ya soko yanagonga. Waya zikalia. Bomba likavuma kama mtu anayepuliza chupa, na moshi ukachungulia kwenye mlango wa jiko. Mama alisimama na mwiko. Halafu moshi ukavutwa ndani, wote, kama mtu kaumeza. Nikakimbia nje. Ulikuwa unatokea mdomo wa pili, umelala juu ya soko, unakwenda zake.

Bwana afya alimaliza sahani. Akanyanyua mkono akaweka kiganja kwenye mbao kando ya kola, akakiacha hapo muda mrefu.

"Endelea, mama," alisema. "Dirisha tu usilifunge."

Karavani ilikuja kukatwa mabati, jirani akatangulia mbele ya haki, na mama akamfuata. Siku hizi watu wanawasha gesi kwa kidole, na ni afadhali. Simtakii mtu kile kikohozi. Ila nilipokuwa nimesimama pale kwenye mitungi, kilichonijia ni nilichokiona niliporudi ndani siku ile. Mama alikuwa anasonga ugali amesimama wima, mbali na mlango, macho makavu, mdomo umejikunja kidogo kila anapogeuza mwiko. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake akipika. Niliutazama hadi wateja wakaanza kunidai maji.