Nilimtoa Jicho Mtani Wetu kwa Wazimu wa Sinema

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, sitasingizia pombe. Siku ile sikuwa nimeonja hata kikombe kimoja cha ulanzi, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana mlevi angekosa shabaha!

Jina langu sitaji. Lakini kuna mtu mmoja akisoma hapa atanijua, na ndiye ninayemwandikia hasa. Nyie wengine sikilizeni tu.

Mimi ni mtu wa vichekesho tangu utoto. Shule nilifika darasa la sita nikatoka. Mwalimu alisema hesabu zimenikimbia, nikamjibu hazijanikimbia, hatujawahi kukutana. Kijijini kwetu, upande wa Iringa, waliniita Kasuku kwa ajili ya mdomo huu. Nikaenda Mbeya kutafuta maisha, nikapata ukuli wa kupakia magari ya Zambia, nikapanga chumba mtaa wa Soweto na makuli wenzangu wawili. Tunalala watatu kitanda kimoja, akigeuka mmoja wote tunageuka.

Ndipo ikaja ile picha ya sinema.

Ilitoka kwenye vile vitabu vya michoro ambavyo madereva wa Zambia walikuwa wanatembea navyo. Steringi alikuwa karani mpole. Majambazi wakamuua dada yake, polisi wakala rushwa, wakafumba macho. Basi jamaa akatoboa matundu mawili kwenye gunia, akalivaa kichwani, akachukua mnyororo, akaingia mjini. Loo! Jina lake la Kizungu lilitushinda kutamka. Sisi tukamwita Bwana Gunia.

Nisiwadanganye, ile picha ilikuwa tamu! Kuli anatukanwa na msimamizi kutwa nzima, na kila tusi analijibu ndiyo mzee. Mgongo unawaka, ndiyo mzee. Halafu Jumamosi alasiri unakaa kwenye kiti, taa zinazimwa, unamwona mtu asiyemwambia mtu yeyote ndiyo mzee. Anatembea taratibu. Hana haraka. Adui anapiga magoti analia, naye anamwambia, "Siku yako imefika," mnyororo unashuka. Ukumbi mzima tunasimama: "Mpe! Mpe huyo! Mwongeze!"

Niliiona mara saba. Yule mzee wa Kihindi aliyekuwa anakata tiketi mlangoni alinichoka.

"Wewe tena? Picha ile ile, bwana. Mwisho haijabadilika."

"Naangalia kama leo watamkamata, mzee."

"Haikamatwi! Chukua tiketi, ingia, usizuie watu."

Basi nikapata wazimu. Nikatafuta mfuko wa unga wa ngano, ule wa kitambaa, nikautoboa matundu. Unga ulikuwa bado umo, nikiuvaa napiga chafya. Nikaokota mnyororo wa baiskeli nikaufunga kiunoni kama mkanda. Wenzangu chumbani walicheka mpaka wakaanguka. Na mimi nilicheka. Lakini nawaambia ukweli, nilipokuwa peke yangu nikavaa lile gunia, sikucheka. Nilisubiri. Kila siku nilisubiri mtu apige kelele za mwizi karibu yangu.

Siku moja Ijumaa ikaja simu ya maandishi kutoka nyumbani: baba mgonjwa sana, njoo upesi.

Basi la Iringa lilikuwepo kesho yake asubuhi. Na kesho yake, Jumamosi, ilikuwa mara ya mwisho kwa picha ile, inahamia Tunduma. Mnajua nilifanya nini? Mnajua tayari! Nikajiambia, mzee ana kifua siku zote, atanisubiri siku moja. Nikaenda sinema. Ningekuwa na uwezo ningejizaba makofi hapa hapa kwenye karatasi.

Jumapili nikapanda basi, mnyororo kiunoni, gunia mkobani. Nikashuka njia panda yetu, na mtu wa kwanza kukutana naye, mama mmoja mwenye mzigo wa kuni, akaweka mzigo chini, akanishika mkono. "Pole mwanangu. Tulimzika jana jioni. Tulikungoja, tulikungoja."

Jana jioni! Wakati mimi nasimama kwenye kiti napiga kelele mpe huyo!

Nikashika njia ya kwenda nyumbani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natafuta mtu wa kumpiga. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, sifichi.

Sasa ngojeni niwaeleze habari ya utani, maana wengine hamtoki huku. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana vita vikali, walipochoka kuuana wakabaki kutukanana, na matusi hayo hayana kesi. Mngoni akija kwenye msiba wa Mhehe, kazi yake ni kuvunja kilio. Atachekesha wafiwa, atamwigiza marehemu, atabeba vitu vya ndani akimbie navyo, mpaka wamkomboe kwa pombe. Ukimkasirikia, wewe ndiye mwenye kosa.

Baba yangu alikuwa na Mngoni wake. Fundi cherehani wa Iringa mjini, mtu mfupi, sauti kubwa. Nimemwona nyumbani tangu nabebwa mgongoni. Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa, basi kila akija ananiuliza, "We Kasuku, mbwa wa jirani wamekwisha au mmebakiza wa Krismasi?" Na mimi namjibu, "Tumebakiza mmoja wa kukukimbiza urudi Songea." Baba anacheka mpaka anakohoa. Koti la baba la kanisani alilishona yeye, na kila mwaka alikuwa anamdai alirudishe kwa sababu Mhehe hajui kuvaa.

Siku ile, kesho yake baada ya mazishi, Mngoni alikuwa amefika nyumbani tangu asubuhi. Haya niliyasikia baadaye. Alikuta mama hajala, hajasema neno toka usiku wa kwanza. Akaingia ndani, akavaa lile koti, akavaa kofia ya baba, akatoka anakohoa kama baba, anatembea kama baba mguu mmoja ukiburuta, akamwambia mama, "We mwanamke, mimi nakufa siku moja tu ugali umekwisha?" Mama akacheka! Watu walisema alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akaomba uji. Mngoni akaona kazi imekubali, akanyakua redio ya baba na jogoo, akatoka mbio. "Naondoka na rafiki yangu! Mkimtaka leteni ulanzi!" Wanawake nyuma yake na vitambaa vya vyombo, mama mbele yao wote: "Mwizi! Mwizi wa Songea! Mkamateni!"

Na mimi nakuja na njia kutoka upande wa pili.

Nilisikia mwizi. Nikaona koti la marehemu baba yangu linakimbia kwenye mianzi, redio kwapani. Damu ikanipanda.

Sasa sikilizeni vizuri. Nilitua mkoba wangu. Nikaufungua. Nikatoa gunia. Nikalivaa kichwani, nikalinyoosha matundu yakae sawa na macho. Nikafungua mnyororo kiunoni. Ndipo nikatoka njiani.

Nilipata muda wa kuvaa gunia! Mtu mwenye muda wa kuvaa gunia hana muda wa kuuliza? Hana muda wa kusikia kwamba wanaopiga kelele ya mwizi wanacheka? Walikuwa wanacheka, jamani! Vicheko nilivisikia! Mpumbavu mkubwa mimi!

Nikasema, "Siku yako imefika."

Yule mtu akasimama. Akaniangalia gunia langu. Akacheka! Alidhani nami nimeingia kwenye mchezo. Akafungua mikono, jogoo huku, redio kule, akasema, "Heee, Wahehe! Mbwa wamekwisha, sasa mnakula mpaka magunia?"

Nikampiga begani. Jogoo akaruka. Redio ikaanguka, ikaendelea kuimba kwaya palepale chini.

Hakucheka tena. Akaniangalia kwenye matundu, akaita, "Kasuku? We Kasuku, ni mimi!"

Hapa ndipo penye ungamo langu. Yote mengine watu wanayajua. Kijiji kizima, balozi wa nyumba kumi, mama yangu, niliwaambia sikumtambua, gunia lilinifunika, hasira ya msiba. Wakaniamini.

Nilimtambua. Sauti ile nimekua nayo. Mkono ulikuwa juu na mnyororo umeshaanza kuzunguka, lakini kushusha mkono niliweza. Sikutaka. Bwana Gunia hapigi mara moja. Nilikuwa nimengoja miezi, na hapa nimempata mwizi wangu, na huyu mzee anataka kuniharibia picha kwa kuwa mtu ninayemjua! Nikapiga.

Ncha ya mnyororo ikamwingia jicho la kushoto.

Mama alifika bado anacheka, kitambaa mkononi. Nilikiona kicheko kikimkatika. Akamwona Mngoni amekaa chini kwenye koti la mumewe, damu kati ya vidole. Akanijia, akanivuta lile gunia kichwani, akaniona ni mimi. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Akalipasua lile gunia kwa meno, akamfunga nalo mzee wa watu jicho. Na unga wake!

Kwenye sinema ukimpiga mtu anaanguka, anatoka kwenye picha, steringi anawasha sigara. Hawatuonyeshi anayembeba! Sisi wetu hakutoka. Tulimbeba kwa machela ya mianzi mpaka barabarani, mimi nikiwa mguu wa mbele, na kila nikijikwaa yeye anaguna. Tukakaa hapo mpaka lori la mahindi likatuchukua. Hospitali ya misheni daktari akaliangalia jicho, akamwangalia mama, akatikisa kichwa.

Balozi alitaka nipelekwe polisi. Mngoni, kichwa kimefungwa bendeji chote, akasema kitandani, "Polisi wa nini? Huu utani. Nani aliwahi kushtaki utani?" Mama akalia kwa shukrani. Na mimi nikapumua! Nikajificha nyuma ya utani ule ule nilioumwagia damu. Kesho yake nikapanda basi nikarudi Mbeya. Chumbani wenzangu waliniuliza mbona sina vichekesho. Nikawaambia msiba.

Miaka miwili nilikuwa nakwenda nyumbani bila kupita Iringa mjini. Mwaka huu nikajikaza. Nikafika kwenye baraza anaposhonea Mngoni. Mke wake alikuwa amekaa karibu na cherehani, anamtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu yeye tundu halioni vizuri. Alikuwa anashona kaptula ya shule, mshono umekwenda upande. Akaufumua, akaanza tena.

Nikasema kwa sauti kubwa, kama zamani, "Mngoni! Bado hujarudi kwenu Songea?"

Akainua kichwa. Akasema, "Karibu, bwana. Habari za Mbeya?"

Bwana! Kaniita bwana!

"Nzuri," nikasema. "Mbwa wamekwisha huko, nimekuja kutafuta huku." Nilijitukana mwenyewe ili anitukane, mnaelewa? Nilikuwa naomba tusi kama mtu anavyoomba maji.

"Tunamshukuru Mungu," akasema. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nisalimie sana." Akamwambia mke wake aniletee kiti. Heshima tupu! Nikakaa kwenye kile kiti kama mgeni wa serikali. Akakanyaga cherehani kidogo, akasimamisha.

"Nikuulize kitu, bwana?"

"Uliza, mzee."

"Siku ile nilikuita jina. Ulisikia?"

Mke wake akaacha uzi. Wote wawili wakaniangalia. Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi, wasomaji, nafasi yenyewe hiyo, mkononi. Na mimi mdomo huu uliosema kila upuuzi duniani ukasema, "Sikusikia, mzee. Lile gunia."

"Haya, bwana," akasema. Akarudi kwenye kaptula yake.

Tangu hapo hajakanyaga nyumbani kwetu. Alipofariki baba mdogo, hakuja. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyeiba kuku, hakuna aliyemwigiza marehemu. Tulilia siku tatu mfululizo bila mtu wa kutukatiza, na mama akawa anaangalia njia ya mianzi. Mimi nilijua anamngoja nani.

Fundi, najua mama watoto huwa anakusomea gazeti jioni. Mwambie arudie hapa mara mbili: nilisikia. Nilisikia jina langu na nikapiga. Ukitaka kunishtaki, nishtaki, muda haujapita. Ukitaka kunitukana, nitakuja kwa miguu kutoka Mbeya kupokea.

Nanyi vijana mnaopanga mstari Jumamosi hii, sisemi msiende. Mtaenda tu, kama nilivyokwenda mimi. Lakini yule anayewaonyesha mtu wa kupiga hawaonyeshi wa kumbeba, muulizeni kwa nini! Ukisikia kelele za mwizi, usikimbilie kuokota jiwe, sikiliza kwanza. Na huyo mliyemzunguka akikuita kwa jina lako, shusha mkono. Shusha hapo hapo, hata kama watu wote nyuma yako wanapiga kelele umwongeze.